Pipi Arobaini na Moja

Mali bila daftari hupotea bila habari,
basi mimi nina daftari.
Jalada limelowa alizeti
ya ile chupa ya bei poa iliyonivujia Jumanne.

Supamaketi ya Mikocheni:
kiyoyozi kinanipokea mlangoni
kama shemeji mwenye shida ya pesa.
Nyanya sita kwenye kisahani, zimevishwa nailoni,
huruhusiwi kubonyeza hata moja.
Elfu mbili mia tano.
Nimeandika: *Nzuri kwa macho. Ladha ya friji.*
Ila mchele wake niliuchagua hadi shingo ikauma
sikuona kijiwe,
na hilo nalo nimeliandika. Sitaki dhuluma.

Ya Sinza iko chini ya ghorofa, ubavuni mwa duka la vipuri.
Kule sukari ni elfu mbili mia nane,
Mikocheni elfu tatu kamili.
Nikabeba kilo yangu nikijisifu njia nzima.
Nyumbani nikaitia kwenye mizani ya mama,
ile aliyopimia dagaa miaka yote ya soko lake:
gramu mia tisa na arobaini.
Nikapima tena, huenda ni mkono wangu.
Nikamwita Siwatu wa chumba cha pili aje ashuhudie.
"Shoga," akasema, "hizo sitini zimebaki dukani kunywa chai."
Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha ya luku.
Bado nina faida.
Shilingi ishirini.
Shilingi ishirini, na usingizi sikuupata.

Kwa Mangi Kileo hakuna bei iliyobandikwa,
bei iko mwilini mwako:
ukija na kitenge kipya, chumvi inapanda.
Anakata mche wa sabuni kwa uzi,
kipande chako daima ni kile chembamba,
na juu ya kichwa chake kibao kinasema *Mkopo Kesho*
tangu nikiwa mwali.
Lakini ni hatua sitini na mbili kutoka kitandani kwangu.
Nilizihesabu gizani usiku ule umeme ulipokatika,
na yeye alikuwa amekwisha pitisha mshumaa kwenye nondo
kabla sijataja shida.
Nimeandika: *Ghali. Ghali. Karibu.*

Sasa, habari ya pipi.
Mikocheni hawana sarafu.
Wana mashine inayosoma kadi kwa kuipapasa tu,
wana jibini la nchi nisizozijua,
hamsini hawana.
"Chenji hakuna, mama, chukua pipi."
Nikachukua. Mwaka mzima nikachukua.
Sikula hata moja; nilizitia kwenye kopo la maziwa,
na kila moja nikaiandika: *hamsini, wananidai? La, nawadai.*

Jumamosi nikaweka majani ya chai kaunta.
"Elfu mbili na hamsini," akasema binti,
kifuani kimebandikwa Edina.
Nikafungua kopo.
Nikazipanga kumi, kumi, kumi, kumi,
na moja pembeni.
Foleni ikanyamaza. Baba mmoja mwenye mkate na mvinyo
akaanza kucheka, kisha akaona sicheki.
Meneja akaja, tai yake imelala begani.
"Mama, pipi siyo fedha."
"Sawa, baba," nikamwambia. "Niandikie hivyo kwenye risiti,
upige na muhuri."

Akazitazama pipi. Akanitazama. Akatazama foleni,
ambayo sasa ilikuwa inahesabu naye.
Kisha simu yake ikaita, au alijifanya imeita,
akaondoka nayo sikioni hadi nyuma ya mafriji.

Edina akainama,
akaokota ile ya pembeni,
akaimenya taratibu, akaitia shavuni.
"Zimebaki arobaini," akasema.
"Umepungukiwa hamsini."

Nikafungua pindo la khanga.
Sarafu ilikuwapo.
Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama
kama mtu aliyeletewa salamu za ndugu wa mbali.

Usiku nikafungua daftari, safu ya *huduma*.
Kalamu ikasimama.
Siwatu akasema, "Andika, chai inapoa."